Barua ya wazi kwa Bunge la Kaunti ya Kiambu: Kuhusu waliotundika jaketi

Waheshimiwa Spika na Wawakilishi Wadi,

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linataja kazi za kaunti moja baada ya nyingine. Kwenye afya, mara tu baada ya hospitali na famasia za kaunti, zinatajwa huduma za ambulensi. Wizara iliyoko Nairobi haikuachiwa jambo hilo, mliachiwa ninyi. Naanzia hapo kwa sababu kila tunapozungumza juu ya kupungua kwa watu wa kujitolea katika huduma za dharura hapa Thika na Ruiru, lawama humwangukia mwananchi. Hana moyo siku hizi. Vijana wanapiga picha badala ya kusaidia. Utu umeisha. Nimeyasikia hayo kwenye baraza la chifu, nimeyasikia matangani, na nimeyasikia yakisemwa na watu waliowahi kuifanya kazi hii wenyewe. Naona tumemkamata mshukiwa asiye na hatia.

Mimi ni mkazi wa Makongeni, na kwa miaka kadhaa nilikuwa miongoni mwa watu mnaowaona kando ya uwanja wakati wa mechi, nyuma ya jukwaa wakati wa kampeni, na katikati ya barabara wakati wa ajali, wamevaa jaketi linalong'aa na kubeba begi la bendeji. Kikosi chetu kilikuwa na mwalimu wa shule ya msingi, fundi wa magari, wanafunzi wa chuo, mama mwenye kibanda cha mitumba na wafanyakazi wa viwandani. Wengi wao wametundika jaketi kama mchezaji anavyotundika daluga. Nimezungumza na karibu wote. Hakuna aliyeniambia kwamba amechoka kusaidia watu. Wamechoka kusaidia wakiwa peke yao.

Niruhusuni niueleze upweke huo, maana anayepitisha bajeti huenda hajawahi kupiga magoti kwenye lami saa nne usiku pale Witeithie.

Mtu amegongwa akivuka. Thika Road, iliyofunguliwa rasmi na Rais Kibaki Novemba 2012, ilituletea njia pana na mwendo wa kasi, na wenye magari wakaupokea mwendo huo kwa mikono miwili. Anayetembea kwa miguu bado anavuka chini pale ambapo daraja lake liko mbali. Paja limevunjika, damu inamwagika. Aliyefunzwa anajua la kufanya. Anakandamiza jeraha kwa nguvu na hauondoi mkono. Anawazuia watu wasimnyanyue majeruhi kwa kumshika mikono na miguu, na anamwomba mmoja wao amshikilie kichwa kisicheze, kwa sababu huenda shingo imeumia. Anakataza asipewe maji, na hapo huzuka ubishi, kwa kuwa kumnyima maji mtu anayekaribia kuzimia huonekana ukatili. Kazi yote hiyo inampa majeruhi dakika chache zaidi. Dakika hizo zina maana iwapo tu kuna gari linalokuja.

Sasa anayepiga simu apige wapi? 999 na 112 ni za polisi. 1199 ni ya Shirika la Msalaba Mwekundu. Kampuni za binafsi kila moja ina nambari yake, na mapema tu utaulizwa ni nani atakayelipa. Ambulensi ya umma iliyo karibu huenda imempeleka mama mjamzito hospitali ya rufaa, au imeegeshwa ikingoja mafuta. Mkono ulioshika kitambaa unakufa ganzi. Mwishowe inasimama Probox, au Land Cruiser ya polisi, na majeruhi anakunjwa nyuma. Shingo uliyoilinda muda wote ule inapinda kwa sekunde mbili.

Ukimfuata hospitalini, na wengi wetu tulikuwa tukiwafuata, dirishani unaulizwa wewe ni nani wake. Ukijibu kwamba umemwokota barabarani, sauti inabadilika. Kuna mahali, sitapataja, ambapo mwenzetu alitakiwa aandikishwe kuwa ndiye mdhamini wa malipo ya mtu ambaye hata jina lake hakulijua. Kisha polisi wanataka maelezo, leo na tena wiki ijayo, na siku ya kuandikisha maelezo ni siku ya kazi iliyopotea. Unatoka saa saba usiku, shati lina damu ya mgeni, na nauli ya kurudi nyumbani ni yako. Glavu ulizinunua mwenyewe. Kama damu hiyo imekuingia jichoni, dawa za kuzuia maambukizi ya HIV lazima uzianze kabla ya saa 72 kupita, na kuzitafuta ni shughuli yako binafsi.

Mara ya kwanza unajivunia. Baada ya miaka miwili, simu ikilia usiku unaiacha ilie.

Sheria tunazo, tena nzuri. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ilieleza kwamba matibabu hayo yanajumuisha huduma kabla ya kufika hospitalini, na ikaweka faini ya hadi shilingi milioni 3 kwa hospitali itakayomkataa mgonjwa wa dharura ilhali ina uwezo wa kumtibu. Sheria hiyo ilikuja miaka miwili baada ya tukio ambalo Wakenya hawajalisahau: Oktoba 2015, mwanamume aliyegongwa na gari alikaa saa 18 ndani ya ambulensi akizungushwa kutafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na hatimaye akafa. Huyo alikuwa na ambulensi na wahudumu waliosomea kazi yao, na bado walibaki nje ya lango. Fikirieni basi hali ya mwalimu wa shule ya msingi mwenye begi la bendeji.

Mwaka 2025 madaktari wa kaunti yetu walikuwa katika mgomo kwa takriban miezi mitano, kuanzia mwisho wa Mei hadi Oktoba. Nani alikuwa na haki si hoja ya barua hii. Hoja ni kwamba katika miezi hiyo aliyemfunga mtu bendeji Ruiru alikuwa akijiuliza ampeleke wapi, na huyo aliyejiuliza hana mshahara wala chama cha kumtetea. Ukivunjika mwisho wa mnyororo wa huduma, anayeumia kwanza ni mgonjwa. Wa pili ni yule aliyeushika mwanzo wake.

Anayesema utu umeisha huwasifu watu wa kujitolea wa zamani, lakini hao hawakuwa malaika kutuzidi. St John Ambulance ilianza kazi nchini mwaka 1928, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya likaundwa kwa sheria ya Bunge Desemba 1965. Vyama vya namna hiyo vilipata watu kwa urahisi katika mji kama Thika kwa sababu ulikuwa mji wa viwanda na ajira ya kudumu. Mfanyakazi wa kiwanda cha nguo au cha kusindika mananasi alikuwa na zamu inayojulikana, mshahara wa mwisho wa mwezi na nyumba iliyo karibu kiasi cha kurudi kwa miguu. Kiwandani kulikuwa na sanduku la huduma ya kwanza na mtu wa kulisimamia, na hata leo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awe na vifaa hivyo. Alichojifunza kazini alikirudisha mtaani, Majengo au Kiganjo. Akikesha na majeruhi, msimamizi wake alimjua na angemwelewa. Kwa kweli kujitolea kwake kulilipiwa na mwajiri, bila mwajiri mwenyewe kutambua.

Leo anayesimama kwenye lango la kiwanda saa kumi na mbili asubuhi ni kibarua wa siku. Asipofika, nafasi yake inachukuliwa na aliye nyuma yake kwenye foleni. Huwezi kumwambia mtu huyo akeshe hospitalini kwa ajili ya mgeni halafu apoteze unga wa watoto. Ruiru nako ni kisa kingine, na naona hamjakitazama vizuri. Sensa ya 2019 ilihesabu karibu watu 490,000 katika mji huo, idadi inayoupita miji mingi inayojulikana kuliko wenyewe. Lakini Ruiru ni mji wa kulala. Wenye nguvu wanatoka saa kumi na moja alfajiri kupanda matatu ya 145 kwenda Nairobi na kurudi usiku, wamebanwa, wamechoka, wamelipa nauli maradufu kwa sababu mvua ilinyesha. Jumanne saa tano asubuhi, mtungi wa gesi ukilipuka jikoni mwa hoteli pale Kihunguro au fundi akianguka kutoka jukwaani kwenye mojawapo ya maghorofa yanayoota kila wiki, walio karibu ni wazee, watoto, wenye maduka na boda boda. Jirani mwenye mafunzo yuko Industrial Area.

Mtaniambia kuna wanafunzi. Ni kweli, Chuo Kikuu cha Mount Kenya kiko mjini Thika, Chuo Kikuu cha JKUAT kiko Juja, na chuo cha mafunzo ya udaktari, KMTC, kina kampasi hapa hapa. Wamekuwa uti wa mgongo wetu. Ila mwanafunzi hukaa miaka minne kisha huondoka, na wengi hujitolea wapate cheti kitakachowasaidia kutafuta kazi. Siwalaumu. Nawajua vijana waliosomea huduma za dharura kabisa, wakajitolea huku wakingoja tangazo la ajira, wakangoja, na mwishowe wakapanda ndege kwenda Ghuba. Yaani kaunti ina watu waliofunzwa na wasio na kazi, ina ajali kila wiki, na haijawakutanisha.

Kuna jambo jingine tusilopenda kulisema hadharani. Semina za hotelini zimetuharibu. Mtu anaitwa kuhudhuria mafunzo ya siku mbili kuhusu "ustahimilivu wa jamii", anapewa chai, chakula cha mchana, posho na kofia. Kushika shingo ya majeruhi pale Blue Post kwenye mvua hakuna hata chai. Ukiwalipa watu kwa kuketi na kuwaacha bila kitu kwa kuinama, usishangae wakijaa ukumbini na kukosekana barabarani.

Hata hivyo serikali imekwisha kuonyesha kwamba ikitaka inaweza. Kwa miaka mingi wahudumu wa afya ya jamii walizunguka nyumba kwa nyumba bila malipo, na kila mtu akawaita mashujaa, jina ambalo halinunui unga. Septemba 2023 Rais Ruto akazindua mpango wa wahudumu wapatao 100,000 nchi nzima, wenye vifaa vyao na malipo ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya kitaifa na nusu kutoka kaunti. Pesa ni kidogo, na zimewahi kulalamikiwa kwa kuchelewa hapa na pale. Lakini mama wa Kiandutu anayepima shinikizo la damu la majirani sasa ana hadhi, ana begi, na ana mahali pa kupeleka taarifa. Kazi yake ni ya nyumbani: wajawazito, watoto, wenye kisukari. Yule wa barabarani hakuguswa na mpango huo. Na baada ya kumwona jirani yake akilipwa, kidogo kile, kwa kazi ya huruma, wa barabarani akaanza kujiuliza swali ambalo mimi naliona la haki kabisa.

Kwa hivyo nani anatuokoa kwa sasa? Boda boda. Tuseme ukweli huo bila haya. Yeye ndiye anayefika kwanza, kwa sababu hakuondoka kwenye steji. Ndiye anayesimamisha matatu ya 237 kwa kuizibia njia na kumlazimisha dereva abebe mtu. Ndiye pia anayemnyanyua majeruhi kama gunia, anayempakia mtu aliyevunjika nyonga kati yake na abiria wa pili, na ambaye wakati mwingine, mwenzake akigongwa, hushughulika kwanza na kulichoma gari lililomgonga huku mwenzake akivuja damu. Nimeyaona mema na mabaya hayo kwa kikundi kimoja cha vijana katika mwezi mmoja. Wanazijua ajali kuliko sisi sote; mwaka 2023 Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, ilihesabu vifo 4,324 vya barabarani nchini, na waendeshaji pikipiki na abiria wao ni sehemu kubwa ya hesabu hiyo. Hakuna kundi lenye sababu zaidi ya kujifunza kuzuia damu.

Tatizo hili halituhusu sisi pekee. Hata Marekani, miji midogo iliyotegemea vikosi vya ambulensi vya kujitolea kwa vizazi imekuwa ikivifunga, kwa sababu wenyeji wanafanya kazi mbali na mafunzo yamekuwa marefu na ghali. Ila kwetu hakuna haja ya kutazama mbali hivyo. Rwanda ina SAMU, huduma ya taifa ya ambulensi, na nambari yake ni moja, 912. Tanzania ina mpango wa m-mama kwa wajawazito na watoto wachanga: ndugu anapiga 115 bila malipo, mpokeaji wa simu anapima uzito wa dharura, na kama ambulensi haipo anaitwa dereva wa kawaida wa kijijini aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Dereva huyo hatoi gari lake sadaka. Na kwa kuwa analipwa, akiitwa tena kesho atakuja. Mpango ulianza katika sehemu chache za Kanda ya Ziwa na sasa serikali imeueneza nchini na Zanzibar pia. Watanzania hawatuzidi utajiri.

Waheshimiwa, ninachoomba hakihitaji mnara wala uzinduzi wenye bendi. Kiambu iwe na nambari moja ya dharura za matibabu inayopokewa saa 24 na mtu anayejua ni ambulensi ipi iko wapi, ya umma, ya shirika au ya kampuni. Bila hilo mengine yote ni kazi bure, na kama mna pesa za jambo moja tu, ziwekeni hapo. Nambari hiyo ikishapokewa, andikisheni watu waliofunzwa kwa kila wadi, walipeni nauli na muda wa simu kila wanapoitwa, wapeni glavu, chanjo ya homa ya ini aina ya B na bima ya kuumia wakiwa kazini. Sisemi mshahara. Nasema wasitoe mfukoni kwa kutusaidia. Anzeni na boda boda wa steji za Thika Road na Garissa Road, kwa mafunzo ya vitendo yanayofanyiwa steji yenyewe, si hotelini, na KMTC iombwe walimu.

Halafu tungeni sheria ya kaunti, fupi, inayosema kwamba aliyemleta majeruhi katika hospitali yoyote ya Kiambu haulizwi malipo, hazuiliwi, na maelezo yake yanachukuliwa mara moja kisha anaachwa aende zake. Hili halina gharama. Likibandikwa kwenye mlango wa wagonjwa wa dharura Thika Level 5 na Ruiru, kwa Kiswahili na kwa Gĩkũyũ, kwa herufi kubwa, litarudisha watu wengi kuliko hotuba zote za kuhimiza utu.

Najua jibu linalotangulia: hakuna pesa. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliunda hazina maalumu ya dharura, magonjwa sugu na maradhi mahututi. Ulizeni kwa sauti kubwa ni kiasi gani cha hazina hiyo kinachofika kwenye ambulensi zinazohudumu Kiambu, na wekeni majibu hadharani. Kuhusu fungu la kaunti yenyewe, ninyi ndio mnaojadili makadirio, sio mimi. Nimeona fedha zikipatikana kwa safari za kujifunza. Ambulensi moja yenye mafuta na dereva wa zamu ya usiku ni somo la kutosha, na liko karibu.

Naomba pia msije mkaligeuza jambo hili kuwa la kura. Tunajua jinsi ambulensi huzinduliwa zikiwa na picha ya mheshimiwa ubavuni, zikazunguka mji zikipiga king'ora siku ya kwanza, na baada ya mwaka zikalala juu ya mawe. Gari bila mpokea simu, bila mhudumu na bila fungu la mafuta ni bango la kampeni lenye magurudumu.

Wenzangu waliotundika jaketi bado wako hapa hapa. Fundi yuko karakana yake nyuma ya soko la Makongeni, mama wa mitumba bado anafungua kibanda, na mwalimu amebakiza miaka michache astaafu. Niliwauliza wangerudi kwa sharti gani. Wote walitaja kitu kilekile kabla ya kutaja pesa: wakipiga simu, mtu apokee na gari lije.

Makadirio ya bajeti ya kaunti yanapaswa kufika mbele yenu kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Wekeni fungu la nambari moja ya dharura katika makadirio hayo, na mkiita wananchi kutoa maoni yao Thika na Ruiru, iteni mkutano Jumamosi, ili hata wale wa 145 waweze kuja.

Wenu,
Mkazi wa Makongeni, Thika